Kwa Mwanafunzi Mtarajiwa, Kutoka kwa Mama Yake

Mwanangu Ndegwa,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama: napenda unaponiita maitu. Tangu nilipoingia kidato cha kwanza nimekuwa nikijifanya naona haya. Ukiniita kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara pale sokoni Mukurweini, "Maitu, kuja ushike hii mkate!", wasichana wa darasa langu hucheka, nami huinamisha kichwa. Wanajua maitu ni "mama yangu" kwa Kikuyu, na wanaona ajabu mtu mzima kumwita binti yake hivyo mbele ya watu. Lakini moyoni nafurahi. Hakuna mwingine darasani mwetu mwenye mtoto wa kufuga ndevu.

Basi leo nakuandikia kama mama. Kukuita "mwanangu" kwa mdomo sijui kama nitaweza, lakini kwa kalamu mimi huweza mambo mengi. Saa hii umeenda kwa jirani, Baba Karis, kumwachia pikipiki, na mama hajafunga duka. Ng'ombe nimeshamkamua. Sanduku lako liko hapa karibu na mlango, na mimi nimelikalia, kwa hivyo mwandiko ukipinda lawama ni ya sanduku.

Sitakuambia uvae sweta kwa sababu Kianyaga, huko chuoni kwako, kuna baridi ya mashamba ya majani chai. Mama ameshakuambia, na atakuambia tena kesho. Habari ya sabuni na soksi nazo namwachia yeye. Nataka kukuambia mambo ya shule, kwa sababu katika nyumba hii mimi ndiye niliyekaa shule hivi karibuni, na nimekosea huko mambo ambayo wewe huna haja ya kuyarudia.

Lakini nianze na marehemu cucu, yaani nyanya yangu, mama yako wewe. Kisa hiki unakijua kuliko mimi, ila mama akimwambia mtoto jambo analolijua, mtoto hunyamaza akasikiliza. Mimi ni msichana wako wa kwanza, na kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hivyo jina langu lilikuwa tayari kabla yangu. Nilikuwa niwe Wangechi kama yeye. Mama huniambia kwamba alipokuwa na mimba yangu, kila cucu alipomwona akishuka kule mtoni na mtungi wa maji alisimama juu ya kilima na kupiga kelele, "Wee! Tembea pole pole, umenibeba!"

Siku moja mama akachoka, akamuuliza, "Na kama ni kijana?"

Cucu akafikiri kidogo. "Kama ni kijana, nitangoja mwingine," akasema. "Lakini wewe tembea pole pole tu."

Nimekikumbuka kisa hicho sana mwezi huu, kwa sababu ya lile neno la chuo.

Unakumbuka siku ujumbe wa chuo ulipoingia kwenye simu yako. Ulikuwa umekaa karibu na jiko, ukausoma mara ya kwanza kimya, mara ya pili midomo ikicheza. Kisha ukaniuliza, "Maitu, hii 'prospective' ni nini? Ati wameniita prospective student."

Nilikuwa nasoma kitabu. Sikuinua hata macho. Nikasema, "Ni mtu ambaye bado si mwanafunzi."

Ukasema, "Aah. Bado." Ukaiweka simu mfukoni ukaenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Asubuhi yake mama akaniambia unasema labda uende mwaka ujao, au uache kabisa, kwa sababu hata wao wanajua wewe si mwanafunzi.

Jibu nililokupa halikuwa la uongo. Lakini ulikuwa umeuliza mlango uko wapi, nami nikakuonyesha ukuta. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta neno hilo kila mahali, ili nikupe jibu lingine. Mwalimu wangu wa Kiingereza ningeweza kumuuliza, lakini unanijua. Nilikwenda hadi mlango wa chumba cha walimu mara kadhaa, nikageuka. Kwa hivyo nililitafuta peke yangu.

Nililikuta kwenye ukuta wa ofisi moja Nyeri, kwenye tangazo la mashamba: "prospective buyers" wanaombwa waje waone. Nikamwona akilini mwenye shamba akifyeka nyasi na kupanda vigingi kwa ajili ya watu ambao hata hajawaona. Nikalikuta tena katika kitabu cha hadithi cha maktaba. Kijana amekuja kuposa, naye anaitwa "prospective son-in-law". Bado hajawa mkwe wa mtu. Lakini kuku ameshachinjwa, na kile kiti kizuri kimetolewa chumbani kikapanguswa.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Neno hilo kweli lina "bado" ndani yake. Ukishakuwa, halikufai tena, unaliacha mlangoni kama gambuti zenye matope. Lakini kila nilipolikuta, palikuwa na mtu upande wa pili ambaye alikuwa ameshaanza kufanya kazi kwa ajili ya huyo ambaye bado. Waingereza wana neno lingine, "future", ambalo husema kama kwamba mambo yamekwisha amuliwa. Mtu hawezi kukuahidi hivyo, hata chuo. Tena wana "would-be", ambalo ni neno la kumcheka mtu anayetaka kuwa kitu na watu wanaona hatakuwa. Hilo Baba Karis hulisema vizuri sana bila kujua Kiingereza.

Kiswahili chetu kinasema mtarajiwa, na mimi nakipenda zaidi, kwa sababu mtu hawezi kuwa mtarajiwa peke yake. Lazima awepo anayemtarajia. Cucu alinitarajia hivyo. Hakujua kama ni mimi. Alijua tu kwamba lazima mama atembee pole pole.

Hilo ndilo jibu ambalo ningekupa siku ile, kama ningeinua macho.

Nasema juu ya Baba Karis kwa sababu nilikuwepo. Ilikuwa asubuhi, tumepeleka maziwa pale kwenye kituo cha kuyapima, na wewe umesimama kwenye foleni mbele yangu.

"Mwalimu wa nasari ndio huyu!" akasema. "Ndegwa, kwani utakuwa unavaa aproni?"

"Nikipewa nitavaa," ukasema.

"Ati mwanaume mzima, na hizo ndevu, anaimba a e i o u! Na mtoto akijichafua?"

"Si nitampanguza. Wewe nani alikuwa anakupanguza?"

Watu wakacheka, na wewe ukacheka. Lakini kabla zamu yako ya kupimiwa haijafika ulikuwa umeinua mtungi wako ukahamia mwisho wa foleni, nyuma yangu, kama mtu aliyesahau kitu. Nilikuona. Mimi pia huhamia nyuma, kwa hivyo najua jinsi inavyoonekana.

Mwanangu, hakuna mtu anayecheka asubuhi wakati unapowabeba watoto wao kwa pikipiki. Mimi sijasahau kale kasichana kalikokataa kuiachia pikipiki pale nasari. Kalikuwa kameshika tangi kanalia, na mwalimu anavuta, na wewe ukasema, "Wacha, mwalimu, tutaingia naye." Mama wa mtoto mwingine ndiye aliyetuambia. Ulikaa kwenye kile kiti kidogo, magoti yakiwa karibu na kidevu, kofia ngumu bado kichwani, mpaka kakanyamaza. Mwalimu akakuomba uje tena kesho yake. Jioni ulichukua vitabu vyangu vya kidato cha pili ukauliza kama unaweza kuvisoma. Hapo ndipo safari yako ilipoanza, si kwa ujumbe wa chuo. Ukasoma hivyo jioni baada ya jioni, mpaka ukafanya mtihani wa kidato cha nne ukiwa umekaa nyuma ya kijana uliyekuwa ukimbeba akienda nasari. Naye akakusalimia, "Sema, Baba Wangechi," nawe ukaigeuza karatasi ya mtihani. Wewe mwenyewe uliniambia.

Sasa niseme juu ya sanduku. Tulipokwenda Nyeri kulinunua, yule mzee wa duka, mwenye kanzu na kofia ya kufumwa, alinitazama mimi akasema, "Karibu, binti. Sanduku la mwanafunzi mtarajiwa?" Wewe ukasema, "Ndiyo, mzee." Mimi nikakagua kufuli. Akaniuliza naenda shule gani, na wewe ukajibu kwa niaba yangu, "Chuo, Kianyaga." Akanipongeza. Akaniombea dua. Tulipotaka kuondoka nikashika mkono wa sanduku, akanizuia. "Hapana, hapana," akasema. "Mwanafunzi mtarajiwa hajibebei sanduku. Hubebewa. Baba, bebea mtoto."

Ukalibeba sanduku lako mwenyewe ndani ya mji wa Nyeri, ukilibeba kama langu, na ulikuwa unatembea haraka sana. Nilikuwa nyuma yako. Nilitaka kurudi kwa yule mzee nimwambie, "Si mimi, ni huyu." Sentensi fupi namna hiyo. Niliitengeneza vizuri kichwani, nikairekebisha, na nilipomaliza kuirekebisha tulikuwa tumefika stejini kupanda matatu.

Hilo ndilo kosa langu kubwa la shule, na ndilo nataka ulisikie. Siku yangu ya kwanza ya kidato cha kwanza sikujua darasa liko wapi. Nilisimama nyuma ya tangi la maji nikitengeneza sentensi ya kuuliza. Ilikuwa sentensi nzuri, yenye "tafadhali" na "samahani". Kengele ikalia, wengine wakaingia, mimi bado narekebisha. Mpishi ndiye aliyenikuta alipokuja kuchota maji. Akasema, "Wee, fom wani ni huko," akaendelea na kazi yake. Ndivyo ilivyokuwa rahisi. Tangu siku hiyo nimekaa nyuma ya darasa kwa sababu nilipoingia viti vya mbele vilikuwa vimekwisha, na mwaka uliofuata nikakaa nyuma kwa sababu nilikuwa nimezoea. Wakati wa mapumziko nilifungua kitabu ili nionekane nina kazi. Msichana wa dawati la pili aliniuliza mara nyingi nasoma nini. Nilimwonyesha jalada bila kusema kitu. Mwisho akaacha kuuliza. Alikuwa anataka rafiki, na mimi nikampa jalada.

Wewe utakuwa mkubwa kuliko wanafunzi wenzako wote, na kuliko baadhi ya walimu. Watakuita mzee, watakupa kiti cha nyuma kwa heshima. Usikichukue. Usingoje sentensi iwe nzuri ndipo uulize. Uliza mpishi.

Nimefika sasa kwenye jambo ambalo nilikuwa nalikwepa.

Jumapili ulisoma tena ule ujumbe wa chuo mpaka chini, ukafika pale wanaposema kila mwanafunzi afike na mzazi au mlezi wake. Ulicheka. Ulicheka muda mrefu kuliko jambo lenyewe. "Mzazi!" ukasema. "Sasa mimi nitachimbua mzazi wapi?" Kisha ukaacha kucheka, na kwa mara ya kwanza ukatueleza kwa nini ulifika kidato cha kwanza kwa kuchelewa.

Sikuwa najua. Sikujua kwamba siku ya kwanza ulikwenda peke yako, sanduku kichwani, kwa sababu cucu alikuwa akichuma kahawa ya watu na hangeruhusiwa kutoka. Sikujua kwamba pale langoni waliuliza, "Mzazi yuko wapi?", wakakuambia urudi ukamlete. Wengine wote walikuwa na mtu. Ulishinda umejificha chini kwenye mibuni mpaka jua likashuka ili cucu asijue umerudishwa. Ulipomwambia hatimaye, aliomba ruhusa, akakupeleka, lakini masomo yalikuwa yameshaanza na nafasi ilikuwa ya nyuma. Kufika kidato cha pili ukaacha. Ukasema, "Hata si karo. Nilikuwa naona kila mtu anajua mimi ndiye yule alirudishwa."

Kisha ukamwambia mama, "Siendi. Siwezi kurudishwa gate mara mbili."

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Akasema, "Hakuna mtu atakurudisha na hiyo miaka yako."

"Wewe kuja basi, uwe mlezi."

"Mimi ni bibi yako. Bibi anaenda kuandikishwa mzazi wa bwana yake? Nitachekwa mpaka Karatina." Akanielekezea kidole kilichokuwa na vumbi la maharagwe. "Peleka mama yako. Si uko na mama? Huyu hapa."

Ukanitazama. Nilijua unataka niseme kitu. Ukangoja. Halafu ukasema kwa upole, "Wacha, huyu ana aibu. Huyu hawezi hata kuitisha chumvi kwa duka ya mama yake."

Nikatoka nje nikaenda kumpa ng'ombe maji. Alikuwa ameshakunywa.

Tangu Jumapili hujalitaja tena. Mama amefunga sanduku, na wewe umeacha lifungwe. Umesema utakwenda peke yako "uone". Najua maana ya kuona. Utafika langoni, utaangalia vijana na wazazi wao, na mtu akiuliza tu, utageuka. Kesho jioni utakuwa hapa ukisema kozi imejaa, na Baba Karis atakurudishia pikipiki bila kukucheka, na hiyo itakuwa mbaya kuliko kucheka. Hakutakuwa na mara ya tatu. Naijua sauti uliyotumia ukisema mara mbili.

Kwa hivyo naandika hapa, ili niwe nimeshasema: kesho nakuja na wewe. Cucu hangeweza kutoka shambani siku ile. Mimi nimefunga shule, na hakuna aliyeniandika kuchuma kitu. Kama jina lake ni langu kweli, na si la kuniitia mkate tu, basi safari hii pia ni yangu.

Sijui nitasema nini wakiuliza. Sitengenezi sentensi.

Nasikia unapiga hodi kwa mama dukani. Naacha hapa.

Mama yako,
Wangechi

Naongeza haya siku ya pili yake, kwa sababu barua nilisahau kuiweka ndani ya sanduku.

Asubuhi nilivaa sketi ya shule, maana ndiyo iliyokuwa imepigwa pasi, nikakaa juu ya sanduku mpaka ulipotoka chumbani. Ukauliza, "Wewe unaenda wapi?" Nikasema, "Kianyaga." Mama akatupa viazi vitamu tukala njiani. 

Langoni palikuwa na turubai na meza, na mama mmoja mwenye miwani akiandika majina. Zamu yetu ilipofika akanitazama mimi. "Jina, mtoto?"

"Ni mimi," ukasema. "Ndegwa."

"Wewe ndio mwanafunzi? Sawa. Mzazi yuko wapi?"

 Kijana mmoja nyuma yetu akasema, "Huyu buda mzee ameletwa na nani?" na wenzake wakacheka. Nikaona mkono wako ukikishika kile kishikio cha sanduku ili uliinue.

Nikasema, "Mimi ndiye mzazi."

Yule mama akainua macho. "Wewe? Unaitwa nani?"

"Wangechi."

Akavua miwani, akakugeukia. "Ni wa jina la mama yako?"

"Ndiyo," ukasema. "Ni maitu."

Akacheka mpaka meza ikatikisika, lakini hakutucheka sisi. "Haya basi, mama," akaniambia, "weka sahihi hapa. Na usiniharibie kitabu." Nikaweka. Akauliza, "Na huyu kijana wako ni msumbufu?"

"Hapana," nikasema. "Lakini anapenda kukaa nyuma. Tafadhali msimwache akae nyuma."

Ukataka kuchukua sanduku. Nikalichukua mimi. Lilikuwa zito na bweni lilikuwa juu ya kilima, na wewe ulikuwa mbele yangu ukiniambia, "Harakisha, maitu, watu wanatuangalia." Nikatembea pole pole. Nikaliweka chini mbele ya mlango wa bweni, nikakuona ukiingia, kisha nikarudi nyumbani nikakamua ng'ombe.